Dada Zangu na Vidonge vya Jumatatu

Mabinti zangu, siku ile mliponikaribisha chai pale barabara ya Bailey mliniuliza swali, nami nikalijibu kijinga. Mliuliza kama huu udada wa chuoni mnaotaka kuingia una kazi yoyote mtu akishamaliza masomo. Nikasema ipo, mtaalikwa harusi nyingi. Tukacheka wote. Nilipofika nyumbani nikakosa raha, kwa sababu jibu la kweli ninalo, na nililikwepa kwa woga. Ndani yake kuna mama mmoja ambaye nusura nimuue.

Mimi nilistaafu ufamasia mwaka jana hapa Buffalo, na wengi wenu mama zenu wamepita dirishani kwangu. Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua nyumbani mnaulizwa kwa Kiswahili mnajibu kwa Kiingereza. Atakayeshindwa kusoma ampe mama yake amsomee, itawafaa wote wawili.

Basi, nilianza chuo huku Marekani, mji wa Columbus, nikiwa na miaka arobaini. Kwetu Tabora nilikuwa nimekaa dirisha la dawa hospitalini miaka mingi, nikidhani hakuna cha kunifundisha. Mume wangu alikuja kusoma, nikamfuata na watoto, nikaanza upya darasani na watoto wa watu. Kwenye sororiti, yaani kile chama cha wasichana wa chuo wanaoapishana kuwa dada maisha yao yote, sikuvutwa na kiapo. Nilivutwa na chakula. Jioni ya kukaribisha wageni walitangaza kuku wa bure, na mimi sikuwa na nguvu ya kupika.

Kila anayeingia hupewa dada mkubwa wa kumlea. Wangu aliitwa Denise, na alikuwa na miaka ishirini na moja. Mwanangu wa kwanza alikuwa na kumi na saba! Nikipiga simu Tabora nilimwambia mama kwamba nina mlezi, mtu mzuri sana, na akiuliza umri wake nasingizia simu inakatika.

Denise hakuwa na mengi ya kunifundisha, lakini moja alikuwa nalo, na lilinikera kupita kiasi. Kikaoni ukipewa kazi hukai mpaka umesimama ukairudia kwa maneno yako mwenyewe. Viti vinaletwa na nani, saa ngapi, mlango upi. "Rudisha," anasema, mkono kiunoni. Na mimi, mama mzima mwenye nyonga zinazouma, nasimama narudisha habari za viti. Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Denise, nimeshaitikia. Mtu mzima akiitikia, ameelewa."

Akaniangalia bila hasira. "Dada Rehema, kuitikia ni adabu," akasema. "Mimi sijakuuliza adabu yako."

Nilimnunia wiki nzima.

Aliyetulea sote alikuwa Vernell. Yeye alikuwa dada wa chama kile kile, alimaliza chuo zamani, akawa na duka lake dogo la dawa mji wa Louisville, karibu na mtaa wa Newburg, na kila mwezi aliendesha gari zaidi ya saa tatu kuja kukaa nasi Columbus. Hakunifundisha dawa hata siku moja nikiwa chuoni. Alinifundisha kumwambia profesa "sijaelewa" bila kuomba radhi. Alinifundisha kukaa mezani na watu wanaonitisha na bado nikala nikashiba. Nilipopata leseni, niko na miaka arobaini na sita na lafudhi yangu ya Kinyamwezi haijatikisika, sehemu tatu waliniambia wangependa nikae stoo, nipange maboksi. Vernell alinichukua Louisville, akaniweka dirishani kwake.

Newburg siku zile kulikuwa na watu wetu wengi kwenye zile apatimenti. Wakongo walikuwepo, na kwao mambo yalikwenda salama, maana Kiswahili chao na changu vinapishana, kwa hiyo tuliulizana mpaka tukachoka. "Bon, mama, donc niko nakunywa moya asubui na moya magaribi, njo vile?" "Njo vile, mama," namjibu, yaani ndivyo hivyo. Hakuna aliyeona aibu. Taabu niliipata kwa Warundi waliokaa kambini Tanzania miaka na miaka, wanaosema Kiswahili kama mimi, wanaosalimia kama kwetu, wanaokaa kama wajomba na shangazi zangu. Kwao nilijisahau.

Mama Kezia alikuwa wa hao. Miaka sabini, kitenge juu ya jaketi la baridi, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Daktari alikuwa amemwandikia methotrexate. Hii ni dawa ya kuheshimiwa, mabinti. Kwa ugonjwa ule humezwa siku moja tu katika wiki. Ukiimeza kila siku, damu inaishiwa zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, mdomo unachubuka, na mzee mwenye figo zilizochoka anaweza kufa. Alitakiwa kumeza vitatu kila Jumatatu. Nilimhesabia ishirini na vinne, vya wiki nane.

Ilikuwa Jumatatu, theluji imeganda mlangoni, foleni imefika kwenye rafu za shampuu. Vernell alikuwa kwenye kompyuta nyuma yangu. Nikamwambia, "Mama, ni vitatu kwa pamoja, Jumatatu tu, mara moja kwa wiki."

"Ndiyo, mwanangu."

"Tumeelewana, mama?"

"Ndiyo, mwanangu. Mungu akubariki."

Sasa pale dukani sheria ya Vernell ilikuwa ile ile ya chuoni. Hakuna mgonjwa anayeondoka kabla hajarudia kwa kinywa chake jinsi atakavyotumia dawa. Wamarekani niliwauliza wote, vijana kwa wazee, na sikuona tabu. Wakongo niliwauliza. Mama Kezia nikashindwa. Ningemwambiaje mtu wa umri wa mama yangu, mbele ya watu, anirudishie somo kama mtoto wa chekechea? Nikaweka alama kwenye kisanduku kinachosema mgonjwa ameelezwa na ameelewa, nikasaini, nikaita anayefuata.

Jumanne ya wiki iliyofuata, kama saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa binti yake, Josiane, anapiga kutoka wearhausi, lile ghala la mizigo anakofanya kazi, yuko mapumziko.

"Shikamoo shangazi. Naomba utujazie dawa ya mama, imekwisha."

"Marahaba. Dawa ipi, mwanangu?"

"Vile vidogo vya njano. Jana amemaliza vya mwisho."

Nilihesabu siku kwa vidole, kisha nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Kutoka Jumatatu mpaka Jumatatu ni siku nane. Vitatu mara nane. Ni ishirini na vinne.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

"Mdomo unamuuma, hata chai hanywi. Na mwili umelegea. Tunadhani ni hii baridi tu."

Nilimwambia aache kazi sasa hivi, ampeleke mama emajensi, kule kwa wagonjwa wa dharura, ashike na ile chupa mkononi. Nilipoweka simu chini sikwenda kwa Vernell. Nawaambia ukweli, nilikwenda kwenye kompyuta. Nikafungua rekodi. Lebo ilikuwa sahihi, imeandikwa mara moja kwa wiki, Jumatatu. Kisanduku kina alama. Saini ipo. Kwenye karatasi sikuwa na kosa lolote. Nilikaa pale kama dakika tano nikijitetea moyoni, na mama wa watu yuko nyumbani mdomo umechubuka.

Vernell ndiye aliyeniona uso. "Nini?"

Nikamwambia. Kwanza akanyanyua simu, akaongea na emajensi, akawatajia dawa, kiasi na siku, ili akifika akute dawa ya kuzima sumu iko tayari. Kisha akanigeukia.

"Rudisha. Kila neno ulilomwambia."

Nikarudisha. Vitatu, Jumatatu, mara moja kwa wiki.

"Na yeye alisema nini?"

"Aliitikia."

Akavua miwani. Nilitamani anigombeze, maana mtu akigombezwa anapata pa kuegemea. Nikamwambia lebo iko sawa. Hapo ndipo alipopandisha sauti. "Lebo haikuongea naye, Rehema. Wewe ndiye uliyeongea naye." Akampigia mfamasia mmoja mstaafu aje ashike dirisha, akachukua koti lake na langu.

Garini alipiga simu moja tu, Columbus. Denise alikuwa sasa mwalimu wa sekondari, hana hata miaka thelathini. Vernell hakumweleza kilichotokea. Alisema, "Dada Rehema anasubiri hospitali, na hapaswi kusubiri peke yake." Alasiri ile ile Denise aliingia na begi la madaftari ya kusahihisha na soksi nzito za sufi, kwa sababu alisema mtu mwenye hofu huwa anapoa miguu. Ni kweli, ilikuwa imekufa ganzi.

Kabla Denise hajafika nilikuwa nimeshakutana na Josiane kwenye korido. Vernell alikuwa ameniambia, "Nitasimama ubavuni kwako. Kusema utasema wewe." Nikasema. Kwamba mama yake amemeza dawa ya wiki nane kwa siku nane, kwamba kazi ya kuhakikisha ameelewa ilikuwa yangu, kwamba sikuifanya.

Josiane alikuwa bado na fulana ya kazini yenye mistari inayong'aa.

"Kulikuwa na duka kubwa karibu na nyumbani," akasema. "Tukaliacha. Mama alikataa, akasema twende kwa yule wa kwetu."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Sasa ngoja niwape kitu cha kazi hapa kabla hakijanitoka, hasa nyinyi wawili mnaosomea unesi na yule anayetaka ufamasia. Nilipohamia Buffalo niliendelea kuwauliza wazee wetu warudie maelezo, lakini nilijifunza namna ya kuwauliza. Usimwambie mzee "rudia nisikie", atajiona anapimwa. Mwambie, "Mama, binti yako akirudi kazini akakuuliza hii dawa inaliwaje, utamwambiaje?" Hapo umempa kiti cha mwalimu. Atakueleza kwa raha, na utasikia kila kilichopinda. Mzee mmoja wa Lackawanna, hapa jirani na Buffalo, alinieleza kwa ufasaha kabisa kwamba dawa ya presha anaimeza siku anayoumwa kichwa tu, nyingine anaweka akiba kwa ajili ya shemeji yake. Ningeridhika na kuitikia kwake nisingejua kamwe. Jambo jingine, fungua chupa. Usimpe mtu chupa iliyofungwa na maneno. Mwaga vidonge kwenye trei, tenga vya siku moja kwa kile kijiko bapa, na yeye avione. Na kama ni dawa ya wiki, andika jina la siku kwa herufi kubwa kwa lugha anayosali nayo. Na anayekuitikia haraka haraka, huyo mwogope.

Nirudi hospitali. Kila asubuhi walimtoa damu, na kila asubuhi chembe nyeupe zilikuwa chini kuliko jana. Nesi mmoja alinieleza kwa upole kwamba dawa ya kuzima sumu inafanya kazi lakini uboho unaozitengeneza chembe unahitaji muda, na kwa umri ule homa ndogo tu ingetosha kumchukua. Tukawa tunaogopa homa. Nilikuwa natazama mlango wa chumba chake kupitia kioo, nikihesabu kila anayeingia na kipimajoto. Josiane alipita mbele yangu mara nyingi bila kunitazama. Sikumlaumu.

Nawaungamia jingine. Nilimhofia Mama Kezia, ndiyo. Lakini nilijihofia na mimi pia. Leseni ile niliitafuta miaka sita, watoto wakila mikate na maharage ya kopo. Kulikuwa na saa ambazo hofu ya leseni ilipiga kelele kuliko hofu ya mama, na nikiona hivyo nilijichukia.

Denise alilijua hilo bila kuambiwa. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni, analala kwa Vernell, mchana amekaa na mimi akisahihisha madaftari. Hakuniambia yote yatakuwa sawa. Siku ya pili akaniuliza, "Umeandika ripoti kwa bodi ya wafamasia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Nasubiri nione mama atakuwaje."

Akafunga daftari. "Kwa hiyo akipona utaandika moja, na asipopona utaandika nyingine?"

Nilimchukia kwa dakika moja hivi. Halafu akatoa karatasi safi kwenye begi lake, akanipa na kalamu. Nikaandika pale pale kwenye kiti cha plastiki, naye kakaa, akinirudisha kila nilipopamba. Nilikuwa nimeandika "mgonjwa alionekana kuelewa". Akaweka kidole. "Hilo unalijua au unalitamani?" Nikalifuta. Nikaandika kwamba sikumtaka arudie, kwa sababu ni mzee na niliona haya. Hilo neno haya lilikuwa gumu kuliko yote kuandika, maana kwa Kiingereza ni aibu tu, halina ile heshima kwa mzee ya kunitetea. Vernell alisaini chini yake kama mwenye duka, bila kubadilisha nukta. Duka lilikuwa lake, jasho la maisha yake, na alijua kwamba karatasi ile inaweza kulifunga.

Ndiyo sababu nasema mliniuliza swali, nikawajibu kijinga. Mtu wa kukusifia utampata popote. Wale wawili walikaa nami kwenye aibu na hawakuniruhusu kuipunguza hata kidogo, na hawakuondoka. Bodi ilinipa onyo la maandishi na masomo ya ziada, nikaendelea na kazi. Lakini hilo lilikuja miezi baadaye. Siku zile hatukujua.

Siku ya sita chembe zilisimama. Siku ya saba zikapanda, kidogo sana, nesi akainua kidole gumba kupitia kioo. Siku ya nane Josiane alikuja mpaka kiti changu. Macho yamemvimba.

"Mama anakuita," akasema. "Anasema uje na hao dada zako, amewaona kwenye kioo kila siku."

Tukavaa barakoa na magauni ya karatasi, tukaingia watatu. Mama Kezia alikuwa amekuwa mdogo kitandani, midomo imekauka magamba. Nikapiga magoti chini pale, nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya kukwaruza. Nilikuwa nimejiandaa siku nane nzima kwa maneno yale.

"Nisamehe, mama. Sikuhakikisha. Nilikuacha uende hujanielewa."

Akanitazama kama mtu anayeshangaa.

"Nani amekuambia sikukuelewa?"

Nikadhani ni dawa zinamzungusha kichwa. Josiane akamsogelea, "Mama, pumzika." Mama Kezia akamwondoa kwa mkono wake uliopinda.

"Ulisema Jumatatu. Mara moja kwa wiki. Nilikusikia vizuri, masikio yangu ni mazima." Akapumua. "Nikajisemea, huyu mtoto ni mgeni kazini, amechanganya. Miaka yote ile kambini tumemeza dawa za kila rangi, nani aliwahi kuona dawa ya mara moja kwa wiki? Dawa ni kila siku. Nikataka kukusahihisha."

"Kwa nini hukunisahihisha, mama?"

"Na yule bosi wako kasimama nyuma yako? Na watu wote wale kwenye foleni?" Akanishika shavu, juu ya barakoa. "Nikasema hapana, acha niitikie tu, mtoto wa watu asije akaaibika akafukuzwa kazi. Nitajua mwenyewe nyumbani namna ya kuimeza."

Josiane akakaa kitandani, akafunika uso.

Nyuma yangu Vernell akauliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Denise akanisogelea, akaweka mkono mgongoni kwangu, akasubiri.

"Amesema alinielewa," nikawaambia. "Alinyamaza ili nisifukuzwe kazi."